Nyuzi za Shati la Ayub

Leeds, Uingereza
4 Julai 1976

Kwa dada yangu mpenzi Ziada,

Asalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na ndugu yetu Ayub na majirani wote wa sokoni. Mimi ni mzima, ila mwaka huu jua limewaka huku mpaka wazungu wanalala kwenye nyasi mchana kama ng'ombe. Wananiuliza kama nyumbani ni hivi. Nawaambia nyumbani tuna akili, tunakaa kivulini.

Ulitaka kujua hasa nafanya kazi gani, maana kina mama wa sokoni wanakuuliza na wewe unawajibu "anatazama vitu." Umejibu vyema. Ninatazama vitu kwa hadubini ya elektroni. Hadubini ya shuleni inatumia mwanga. Hii inapitisha mshale mwembamba wa elektroni juu ya kitu, mstari kwa mstari, kama unavyofagia uwanja, na picha inatokea kwenye kioo kama cha televisheni. Kitu lazima kwanza kikauke kabisa, kisha tunakipaka dhahabu nyembamba mno. Usimwambie Ayub habari za dhahabu, atanitumia gunia nimjazie.

Nimekuwekea picha. Huyo si kifaru, ni fukusi, yule mdudu anayekula mahindi yako ghalani. Wiki hii viwanda vya nguo vilituletea nyuzi zilizokatika. Uzi uliokatwa kwa kitu chenye makali una kichwa bapa. Uliochanika kwa nguvu umepasuka ncha kama mswaki. Mimi natazama tu, nawaambia kosa ni la mashine ipi. Wazungu wazima wananisikiliza, dada, na kuandika ninachosema.

Mwambie Ayub magendo ya kahawa yatamponza. Huyo mwenzake Okiror ni mtu mwema, nimekula kwake Angurai mara ngapi sijui, na ugali wa mtama wa mkewe Petronilla nauota mpaka leo. Lakini wema wa mwenzako hauzuii askari wa ng'ambo ya mto.

Mdogo wako,
Yahya


Busia
2 Septemba 1976

Kwa mdogo wangu Yahya,

Waaleykum salaam. Natumai wewe u mzima. Huku hatuko wazima. Kama unasoma umesimama, kaa kwanza.

Ayub ameuawa. Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na nne Agosti, mtoni Malaba. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama inavyotakiwa, na Ramadhani ikaingia siku tatu baadaye. Hakupelekwa kwa daktari. Askari mmoja alikuja akaandika mistari mitatu akaondoka. Kwa hiyo ndugu yako yuko chini na hakuna aliyetazama ndani ya jeraha lake.

Nikueleze ninachojua. Walikuwa wawili, yeye na Okiror, walivuka kufuata kahawa. Asubuhi Okiror alitoka majini na Ayub begani, mkuki wake mkono wa pili, maji na damu vikimchuruzika mpaka miguuni. Anasema askari wa upande wa pili aliwakamata kwenye matete, akamwekea Ayub mtutu ubavuni, akafyatua. Yeye Okiror akambeba akavuka. Watu wakamuuliza, "Mbona wewe umerudi mzima?" Akainama kumlaza Ayub majanini. Walioosha maiti wanasema tundu ni moja, jembamba, chini ya mfuko wa shati, halikutokea mgongoni. Wanasema hiyo ni kazi ya mkuki. Na kahawa haikuonekana. Hakuna anayeweza kusema kama alisikia mlio, maana siku hizi Malaba bunduki zinalia kama majogoo.

Vijana wa stendi walitaka kummaliza palepale. Walishamvunja meno mawili nilipofika. Nikawaambia, nina ndugu ambaye kazi yake ni kutazama nyuzi, wazungu wenyewe wanamsikiliza. Ngojeni. Wakakubali kungoja mpaka Mfungo umalizike. Okiror mwenyewe, mdomo umejaa damu, aliniambia, "Dada, tuma hiyo nguo. Mashine itaona. Mimi siogopi mashine."

Basi shati limo humu, lile la popilini jeupe nililomshonea mwenyewe. Nimelishonea ndani ya kitambaa cha marekani lisipotee njiani. Tazama uniambie: ni mkuki au ni bunduki? Utakachosema ndicho nitakachosimamia mbele ya watu. Sina mwingine wa kumwamini.

Yahya, nimelia mpaka macho yanakataa tundu la sindano. Nawashonea watu kanzu za Idi zimepinda, na wananyamaza kwa kunihurumia.

Dada yako,
Ziada


Leeds
26 Septemba 1976

Kwa dada yangu Ziada,

Asalaam aleykum. Idi imetukuta hivi. Nakupa pole wewe na nafsi yangu. Sijui hali yako na naogopa kuiuliza. Yangu ni kwamba nilikaa siku tatu bila kufungua kifurushi, nikakiweka chini ya kitanda na kulala juu yake.

Leo nimekifungua. Kazini hapakuwa na mtu, ni Jumapili. Kawaida sampuli ya jambo zito hutazamwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Mkubwa wangu hana habari. Sikutaka mzungu aniulize hili ni shati la nani.

Nilitegemea damu nyingi, nikaikuta imefifia kabisa. Nikajua ni maji ya mto, maana ulisema walivuka. Nikakata kipande kinachozunguka tundu, nikakipaka dhahabu, nikakitazama mchana kutwa. Sasa nisikilize vizuri.

Bunduki ikiwekwa karibu na nguo huacha vumbi la baruti, vichembe vya mviringo vya madini ya risasi na mengineyo, vidogo kuliko unga. Tuna kifaa kinachotambua madini hayo. Hata mto haungeondoa yote. Hapa sikuona hata kimoja. Na nyuzi zenyewe, dada: kuzunguka tundu lote zina vichwa bapa, safi. Hazikupasuliwa. Zimekatwa kwa chuma chenye makali.

Si bunduki. Okiror ametudanganya. Alikula nyumbani kwetu nasi tukala kwake, akamchoma ndugu yetu ubavuni kwa ajili ya kahawa, kisha akambeba begani ili tumwonee huruma. Nimeandika hili mara tatu na kulichana, nikijaribu kulisema kwa upole. Halisemeki kwa upole. Mashine haina rafiki wala adui.

Wasomee wanaotaka kujua. Kisha mpelekeni kwa askari.

Nakulilia.

Mdogo wako,
Yahya


Busia
19 Oktoba 1976

Kwa mdogo wangu Yahya,

Waaleykum salaam, natumai u salama. Mimi ni mzima wa mwili, na leo ni mara ya kwanza tangu Agosti nimekula nikashiba.

Barua yako ilifika Jumatano. Siku ya soko nilikwenda nayo Malaba, nikapanda juu ya kreti ya soda karibu na daraja, nikaisoma yote kwa sauti. Nilipofika kwenye "zimekatwa kwa chuma chenye makali" hata wauza samaki waliweka visu chini. Okiror alikuwepo. Yahya, alikuja kwa miguu yake, amevaa shati safi, amesimama mbele kabisa. Alikuja kusikia akisafishwa.

Akasema, "Soma tena hapo." Nikamsomea tena. Akasema, "Hapana. Mwambie atazame tena. Amekosea mahali." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri.

Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Alikimbilia mtoni wakamkata kwa panga nyuma ya goti, akaanguka kifudifudi kwenye matope. Wakamgeuza ili auone mkuki wake, ule waliomnyang'anya siku ile ya Ayub. Makokha muuza mafuta ya taa alimwaga debe zima. Aliwaka akiwa anatambaa. Sikujua mtu anaweza kwenda hatua nyingi hivyo akiwaka. Petronilla alifika mbio na mtoto mgongoni, wakamshika nywele asijitupe motoni naye. Baadaye walikwenda Angurai wakachoma nyumba zake mbili na ghala ya mtama. Petronilla amekimbilia kwa Omoding, mdogo wake Okiror.

Ulisema apelekwe kwa askari. Nilisoma mpaka hapo, hakuna aliyesikia. Mimi sikurusha jiwe. Mikono yangu ilikuwa imeshika barua.

Damu ya Ayub imelipwa. Unirudishie shati, nataka kuliweka sandukuni. Litunze, nililifanyia kazi: nililifua maji saba kwa sabuni na jivu mpaka likatoharika, maana ningewezaje kutia najisi ndani ya posta, na wewe ulishike kisha uende kuswali? Nikalipiga pasi, na zile nyuzi zilizokuwa zinaning'inia pale kwenye tundu nikazipunguza kwa mkasi lisizidi kufumuka. Nguo haitoki mkononi mwangu na nyuzi zinaning'inia, unanijua.

Dada yako,
Ziada


Leeds
7 Novemba 1976

Dada Ziada,

Asalaam aleykum. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa sakafuni.

Ulizipunguza kwa mkasi. Mimi niliuona mkasi wako, nikauita mkuki.

Sikuamini, nikataka kuhakikisha. Nilichukua kile kitambaa cha marekani ulichoshonea kifurushi, nikatazama ukingo ulioukata. Mkasi wako una pengo dogo karibu na ncha, unaacha mkwaruzo mmoja kwenye kila nyuzi kumi na kitu. Mkwaruzo huo uko kwenye marekani na uko kuzunguka tundu la Ayub. Ni chuma kilekile. Hakuna uzi hata mmoja pale ulioachwa jinsi alivyouacha muuaji.

Kisha nikafumua mfuko wa kifuani, pale ulipokunja pindo mara mbili, ambapo sabuni haikufika. Humo ndani vipo. Vichembe vya mviringo, thelathini na saba katika nafasi ndogo kuliko punje ya mtama. Madini ya risasi, antimoni, bariamu, yote matatu pamoja. Safari hii nilimwita mkubwa wangu, akatazama kivyake bila mimi kumwambia kitu. Akasema, "Bunduki, tena ya karibu sana. Nani huyu?"

Okiror alisema kweli tangu neno la kwanza. Alimbeba Ayub kwa sababu alikuwa rafiki yake.

Sikulaumu kwa kulifua. Mimi ndiye ambaye sikuuliza. Mtoto aliyelelewa na wewe, aliyeona kila Ijumaa unavyotoharisha nguo, nikaona shati halina damu na nikasema ni mto. Kichwa kilinijaa wazungu wanaoandika ninachosema.

Lakini sasa lipo la kufanya, nalo ni moja. Petronilla na watoto wanaitwa jamaa wa muuaji. Hawatarudishiwa shamba wala heshima mpaka watu walewale wasikie. Panda juu ya kreti ileile uisome barua hii kama ulivyosoma ile. Yote. Na jina langu. Ni lazima, dada. Tukinyamaza tutakuwa tumemuua mara ya pili.

Mdogo wako,
Yahya


Busia
20 Desemba 1976

Kwa mdogo wangu Yahya,

Waaleykum salaam. Mwandiko huu usikutishe. Naandika kwa kushoto, na ukurasa huu umenichukua siku nne. Afya yangu utaijua ukiendelea.

Nilikwenda Malaba siku ya soko. Nilipanda juu, nikasoma. Sikumaliza nusu. Watu walewale, Yahya. Mmoja akasema, "Dada, kunja hiyo karatasi, utatuletea shida." Mwingine akasema mashine za wazungu huwa zinadanganya. Nikawauliza, ilipowaambia mkuki mbona haikudanganya? Makokha akasema yeye siku hiyo alikuwa Nambale, hajawahi kumwona huyo Okiror. Mwanamke aliyemshika Petronilla nywele alinitazama kana kwamba mimi ndiye nimeleta uchafu sokoni. Wakaendelea kununua vitunguu. Nilisema fukueni basi kaburi la Ayub, mtaikuta risasi. Wakanirushia maganda.

Nikaona kama hao hawataki, wapo wanaostahili. Nikaenda Angurai kwa Omoding. Petronilla alikuwa anapepeta mtama. Nikamwamkia kwa lugha yao, "Yoga", akaendelea kupepeta. Nikapiga magoti uani, nikasoma barua yako tangu mwanzo mpaka jina lako. Omoding anasikia Kiswahili vizuri, alikuwa anamtafsiria mama yake neno kwa neno. Alipofika kwenye kumbeba kwa sababu alikuwa rafiki yake, mama mzee alianza kulia kwa sauti nyembamba. Hakunyamaza mpaka naondoka.

Omoding aliniuliza, "Mkono gani ulishika mkasi?"

Ningeweza kusema uongo. Nikaunyoosha wa kulia. Alinishika kifundo, akauweka juu ya gogo la kuni, akaupiga panga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mfupa ulikataa. Nilikiona kiganja changu kikiwa chini na vidole bado vinajikunja. Ni Petronilla aliyevua kitambaa chake cha kichwa akanifunga, kwa nguvu. Kisha akauliza, "Na huyo mwenye mashine yuko wapi?" Nikamwambia yuko ng'ambo. Akauliza, "Atakuja?" Nikasema, atakuja. Nimesema kwa niaba yako, samahani, sikuwa na jingine la kumpa.

Masista walinishona. Polisi nimewaambia ni lori lilinigonga. Omoding hata hivyo amevuka upande wa pili na hajarudi.

Jambo moja nilikudanganya. Mawe yalipoanza, barua yako niliitia kifuani, nikainama, nikaokota. Langu lilikuwa la tatu au la nne. Lilimpata.

Njoo, Yahya. Sikuiti kwa ajili yangu.

Dada yako,
Ziada


Busia
14 Agosti 1977

Kwa Yahya,

Asalaam aleykum. Afya yako sikuulizi. Muuza duka wa hapa aliyepita Leeds mwezi wa tano alikuona, anasema umenenepa na umepandishwa cheo, na ulipomwona ulivuka barabara kumkwepa. Kwa hiyo barua zangu tatu zilifika.

Keshokutwa Ramadhani inaingia, nami sitaki kuingia nayo nikiwa na hasira, kwa hiyo hii nitaiandika fupi.

Omoding hakurudi. Wanasema askari walimuua huko Tororo kwa sababu isiyojulikana, kama wanavyouawa wengi. Mama mzee alimfuata mwezi wa pili. Majirani wa Angurai wamelima shamba la Okiror mpaka ukutani, na Petronilla alipowauliza walimpiga fimbo za mgongo mbele ya wanawe. Alikuja hapa Busia na watoto wanne na chungu kimoja. Alisimama mlangoni, akatazama mkono wangu, akatazama cherehani yenye vumbi. Sikumwita, na sikumfukuza.

Sasa mimi nakanyaga pedali na kusukuma kitambaa kwa kushoto. Yeye anakata. Nilimwonyesha mara moja tu, akajua. Hatuongei sana. Hajanisamehe, ameniambia hivyo waziwazi, akiwa na mkasi mkononi, na nikamwambia sawa. Nyumbani kwa Okiror hawakuwa na jina la kumwita mtu kama mimi, basi haniiti kwa jina lolote. Akitaka kitambaa anagonga meza. Watoto wanalala chumba cha Ayub.

Kila nikitoka posta anasimamisha kazi, ananitazama mikono. Anaona mkono mmoja mtupu, anarudi kukata. Miezi yote hii nimekuwa nikimtafutia maneno: amebanwa na kazi, nauli ni kubwa, njia zimefungwa. Jana alinikatiza. Alisema, "Usimsemee. Yeye ndiye anajua kuandika."

Kweli, wewe ndiye unayejua kuandika. Uliandika kwamba ni mkuki, mtu akafa. Uliandika kwamba ni lazima nisome, nikasoma. Ya tatu hujaiandika, na mimi nimechoka kuingoja kama ni yangu.

Usiniandikie tena. Ukiwa na la kusema mwandikie Petronilla. Anwani ni hii hii.

Ziada